Hizi saplimenti za "kusafisha mwili" na sisi wenye vitambi: hotuba ya Jumamosi, Nyalenda

Watu wengi waliniomba niandike ile hotuba ya Jumamosi pale Nyalenda, Kisumu, kwa sababu spika ilikuwa inakatikakatika na waliokaa nyuma hawakusikia nusu yake. Nimeiandika vile nilivyoisema, utani mwingine nimeutoa.

Hamjambo wamama, hamjambo wazee, na nyinyi vijana mliosimama hapo kwa mlango, ingieni, viti viko. Mwenyekiti wa chama alinipigia simu akaniambia, wewe mtu wa lishe, kuja utuambie kama hizi dawa ni za ukweli ama tunaibiwa, maana kila wiki kuna mtu anakuja kwa mkutano na mkebe mpya. Mimi nikamwambia sawa, lakini waambie kila mtu abebe mkebe alio nao nyumbani. Sasa ona hii meza, hata sina mahali pa kuweka kikombe. Kuna vitamini C, vitamini E, seleniamu ambayo ni madini, beta-karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kuna unga wa moringa, manjano kwenye kapsuli, majani ya chai ya kijani kwenye kapsuli, mbegu za zabibu, na hii ingine imeandikwa Kichina kitupu na aliyeileta anasema ni ya "kusafisha mwili na kuyeyusha mafuta". Majina ya kampuni sitayataja, sitaki kesi. Nitaongea juu ya kilicho ndani.

Karibu zote hizi zinajiuza na neno moja, antioksidanti. Na wanaouziwa sana ni sisi wenye miili mikubwa, kwa sababu tunaambiwa mwili mnene una "sumu" na sumu inaletea mtu sukari na presha. Mkinisikiliza leo mtaona hiyo hadithi haijatungwa yote, kuna kipande chake ni kweli kabisa, na ndiyo maana inauzika.

Kwanza tujue tunaongea juu ya watu wangapi. Ule utafiti wa afya wa taifa unaoitwa KDHS, wa 2014 ulipata wanawake wa miaka 15 hadi 49 walio na uzito uliozidi au unene kabisa ni asilimia 33. Wa 2022 ukapata asilimia 45. Miaka minane tu hiyo. Wanaume 2022 walikuwa asilimia 19, lakini wazee msicheke, kitambi cha mwanaume kinakaa mahali pabaya zaidi, kinakaa ndani karibu na ini. Mmepimwa kiuno pale mlangoni na futi ya fundi, karatasi mko nayo. Kwa sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara, kipimo kinachotumika ni kwamba mwanamke akivuka sentimita 80 na mwanaume akivuka 94, hapo inabidi uanze kuuliza maswali mengine: presha imefika 130 kwa 85? sukari kabla ya kula imefika 5.6? mafuta ya damu yako wapi? Ukiwa na kiuno na mawili kati ya hayo mengine ndio wanaita sindromu ya metaboliki, jina kubwa lakini maana yake ni kwamba mwili umeanza kushindwa kupanga sukari na mafuta.

Sasa hiyo "sumu" ni nini. Kila seli ya mwili wako inachoma chakula ikitumia oksijeni, na katika kuchoma huko kunabaki vitu vikali vinavyoitwa radikali huru. Si ugonjwa, mtoto mchanga anazo, mwanariadha wa Eldoret anazo. Mwili wenyewe unatengeneza vitu vya kuzituliza, tena vingi, na vitamini C na E kutoka kwa chakula zinasaidia; hivyo vya kutuliza ndivyo vinaitwa antioksidanti. Shida inaanza seli za mafuta zikijaa kupita kiasi. Zinafura, damu yenye oksijeni haizifikii vizuri, askari wa kinga wanaingia pale ndani ya mafuta na kuanza kutoa kemikali za uvimbe, na kimeng'enya fulani kinachotengeneza hizo radikali kinafanya kazi ovataimu. Uvimbe na radikali zikiwa nyingi, misuli na ini zinaacha kusikia insulini, ile homoni ya kongosho inayopanga sukari. Kongosho inatoa insulini nyingi zaidi, inachoka, sukari inabaki kwa damu. Watafiti wa Japani walionyesha hii vizuri mwaka wa 2004, wakawapa panya wanene dawa ya kuzuia kile kimeng'enya, na sukari yao ikashuka, mafuta ya ini yakapungua. Kwa hivyo ukiambiwa mtu mnene ana radikali nyingi, usibishe, ni kweli. Na pia ni kweli kwamba watu wanene wakipimwa damu mara nyingi wanapatikana na vitamini C na karotini kidogo kuliko wenzao. Lakini ile dawa ya panya haikuwa vitamini, haikuwa mbegu za zabibu. Muuzaji anaruka hapo, anatoka kwa panya wa Japani moja kwa moja hadi mkebe wa shilingi 3,500 Kisumu, na katikati hakuna daraja.

Hii imani imeanza zamani. Mwaka wa 1956 Mmarekani anaitwa Denham Harman aliandika kwamba kuzeeka kwenyewe kunatokana na hizi radikali. Halafu akaja Linus Pauling, mtu mkubwa kweli, alipata Nobel ya kemia 1954 na ya amani 1962, na uzeeni akawa anahubiri vitamini C kwa dozi kubwa kubwa. Mtu wa Nobel mbili akikuambia meza, utakataa wewe ni nani? Dunia ikameza. Na wanasayansi kwa haki yao wakasema sawa, tupime.

Hapo Finland walichukua wanaume 29,133, wote wavutaji sigara, umri 50 hadi 69, wakawagawanya, wengine wakapewa beta-karotini, wengine vitamini E, wengine zote mbili, wengine kidonge kisicho na kitu, na hakuna aliyejua amepewa gani. Miaka ikapita, tano hadi nane. Kila mtu alingoja kusikia saratani ya mapafu imepungua. Matokeo yakatoka 1994: wale wa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Zaidi, nasema, si kidogo. Watu walidhani kuna mahali wamehesabu vibaya. Lakini Marekani kulikuwa na utafiti mwingine ukiendelea, CARET, watu zaidi ya 18,000, wavutaji sigara na wale waliofanya kazi na asbestosi, wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A, na Januari 1996 waliusimamisha kabla ya wakati kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28 na vifo juu kwa asilimia 17 kwa wale waliokuwa wanameza. Fikiria wewe ndiye daktari unayewapigia watu simu kuwaambia waache kumeza vitamini.

Halafu 2007 kundi la Copenhagen likakusanya majaribio 68 yaliyokuwa na watu 232,606, na walipoangalia yale yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi wakaona beta-karotini, vitamini A na vitamini E zinaongeza vifo kidogo badala ya kupunguza. Vitamini C haikuua wala haikuokoa.

Mama hapa mbele ananiambia, "Sasa mimi sivuti sigara, na hizo za saratani sitaki, mimi shida yangu ni sukari na huu mwili." Sawa kabisa mama, swali zuri, hebu tuje kwako.

Kuna utafiti Marekani uliochukua wanawake wa miaka 40 kwenda juu waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wako hatarini kuupata, yaani wenye presha, kolestro, uzito, wanawake kama wengi wetu hapa. Wakapewa vitamini C, vitamini E na beta-karotini, na wale zaidi ya 6,500 ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni wakafuatwa zaidi ya miaka tisa. Sio wiki tisa, miaka. Matokeo yakatoka 2009: waliomeza na wasiomeza walipata kisukari sawasawa tu. Hakuna iliyozuia. Pesa ya miaka tisa, piga hesabu mwenyewe ya mkebe kila mwezi.

Na seleniamu, huu mkebe wa kijani hapa. Kulikuwa na utafiti mwingine huko huko Marekani, watu 1,202, wengine mikrogramu 200 za seleniamu kila siku. Walipochambua mwaka wa 2007 waliopata kisukari upande wa seleniamu walikuwa 58, upande wa kidonge kitupu 39. Mtu anameza kuzuia sukari kumbe anaialika.

Sasa naomba mnisikilize hapa kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya nikubali kuja.

Ule mkebe wa kwanza kabisa, sijui ni wa nani na usinyooshe mkono, lebo inasema vitamini C miligramu 1000, vitamini E yuniti 400. Mwanamke mzima anahitaji vitamini C kama miligramu 75 kwa siku, mwanaume 90. Vitamini E ni miligramu 15, ambayo ni yuniti 22 hivi. Kwa hivyo huo mkebe unakupa vitamini C zaidi ya mara kumi ya unayohitaji na vitamini E karibu mara 18, kila siku. Sasa Ujerumani kuna mtafiti anaitwa Michael Ristow, yeye na wenzake 2009 walichukua vijana wa kiume karibu 40, wakawafanyisha mazoezi kwa wiki nne, siku tano kwa wiki. Nusu wakapewa vitamini C miligramu 1000 na vitamini E yuniti 400, yaani dozi ile ile iliyo kwa mkebe huu, kana kwamba walisoma lebo. Nusu nyingine hawakupewa. Baada ya wiki nne wakapima vile mwili unasikia insulini. Waliofanya mazoezi bila vidonge, insulini ilikuwa inafanya kazi vizuri zaidi, kama tunavyotarajia. Waliofanya mazoezi yale yale na kumeza vidonge, hakuna kilichobadilika. Jasho lao lilienda bure.

Kwa nini? Kwa sababu zile radikali zinazotoka wakati unatembea haraka au unapanda ngazi ndizo zinazoambia misuli "tuko kazini, ongeza nguvu, jipange". Ni kama mbwa wa boma. Akibweka usiku kucha bila sababu hulali, ni kweli ana shida huyo mbwa, lakini ukimfunga mdomo na kamba, siku mwizi akiruka ua nani atakuamsha? Mtu mnene mbwa wake anabweka kwa sababu kuna kitu uani kweli, mafuta yamejaa ndani ya tumbo. Kidonge hakitoi hicho kitu, kinafunga mdomo tu, na kinafunga hata ile saa ambayo kubweka kungekusaidia.

Niwe mkweli kwenu, utafiti wa Ristow ni wa watu wachache, na kuna wengine baadaye waliofanya jaribio kama hilo na hawakuona vitamini zikizuia mazoezi. Hao pia hawakuona zikisaidia. Mimi nikiangalia upande wote naona kidonge ambacho kwa bahati nzuri hakifanyi kitu na kwa bahati mbaya kinaharibu, na kinauzwa 3,500. Hiyo biashara siielewi.

Na hizi zingine, manjano, mbegu za zabibu, resveratro ile ya ngozi ya zabibu? Kuna tafiti nyingi ndogo, wiki nane, wiki kumi na mbili, watu 40 hapa, 60 pale. Zingine zinaonyesha sukari ya asubuhi ikishuka kidogo sana, zingine haishuki, na hakuna hata moja ya hizo inayokuambia mtu aliishi zaidi au hakupata stroku. Manjano weka kwa pilau, hiyo sikukatazi. Lakini huu wa chai ya kijani iliyokandamizwa kwa kapsuli ninauogopa, kwa sababu wataalamu wa chakula wa Ulaya 2018 walisema ukifikisha miligramu 800 kwa siku za ile kemikali yake kuu, ini linaweza kuanza kuonyesha dalili za kuumia. Chai ya kijani kwa kikombe haina shida. Shida ni ile ya kufunga majani ya vikombe vingi kwa kidonge kimoja. Na mtu mnene ini lake mara nyingi tayari lina mafuta, sasa unaliongezea kazi ya nini?

Tukiwa kwa ini, kuna mahali pamoja ambapo vitamini E ilifanya kazi, na nisiposema nitakuwa muuzaji wa upande ule mwingine. Mwaka wa 2010 kulitoka utafiti wa watu wazima 247 waliokuwa na ini lenye mafuta lililoanza kuvimba, wasio na kisukari. Waliopewa vitamini E yuniti 800 kwa wiki 96, asilimia 43 ini lao liliimarika, na wale wa kidonge kitupu ni asilimia 19. Hiyo ni kubwa. Lakini angalia: hao walikatwa kipande kidogo cha ini kikapimwa kabla na baada, walikuwa na daktari miaka karibu miwili, na hawakuwa na sukari. Hakuna aliyeuziwa mkutanoni baada ya maombi. Kama daktari wako wa ini amekuandikia, meza, usiniambie mimi.

Haya, tufike kwa chakula, maana najua mmechoka na majina ya wazungu.

Kuna profesa wetu, Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT, ametumia miaka mingi ya kazi yake kwa mboga hizi hizi ambazo nyinyi mnauza soko la Kibuye na la Jubilee na wengine mnaona ni chakula cha kijijini. Osuga yaani managu, dek yaani saga, apoth yaani mrenda, mitoo, terere, kunde, na yale majani ya malenge. Karotini imo, vitamini C imo, chuma imo, na kuna mambo mengine mengi yanayotenda kazi pamoja ndani ya jani ambayo hakuna kapsuli imeweza kuyafunga. Hata wale wa Finland, waliokuwa wanakula matunda na mboga zenye karotini nyingi tangu kabla ya utafiti walikuwa na saratani kidogo. Kwa hivyo kitu kile kile kwenye sahani kinaenda pamoja na afya, kwenye kidonge kinageuka. Mimi hiyo inaniambia kwamba hatukuwa tunaelewa jani.

Lakini tuongee ukweli vile tunapika. Unachukua osuga na dek, unachemsha, unamwaga maji kwa sababu ya uchungu, unachemsha tena, unamwaga tena, wengine mnaweka magadi au munyu wa jivu iive haraka na ibaki kijani, halafu inakaa kwa sufuria siku ya pili, siku ya tatu, inaongezwa maziwa kila ikipashwa. Tamu, nakubali, mimi mwenyewe mnipe ya siku ya tatu. Vitamini C hapo imeisha, inaenda na maji yanayomwagwa na magadi inamaliza iliyobaki. Karotini lakini ni ngumu, haifi haraka, na yale mafuta ya maziwa yanasaidia mwili kuifyonza, kwa hivyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Kama unataka zote mbili, chemsha mara moja na maji kidogo, usiweke magadi, na vitamini C utafute mahali pengine. Mahali pengine ni mapera. Pera moja la kawaida lina vitamini C zaidi ya miligramu 100, imepita ile unayohitaji kwa siku nzima. Ukienda Vihiga na Kakamega msimu wake yanaanguka chini watoto wanayapiga mateke. Na mtu yuko pale chini ya mti wa mapera anameza vitamini C kutoka ng'ambo. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karotini. Omena ina seleniamu na zinki, na haitapita kiasi labda ule gunia.

Mzee anaguna hapo, anafikiri nitasema mboga zinayeyusha kitambi. Hapana mzee. Ukikula osuga juu ya mlima wa ugali na soda kando, kitambi kitakaa hapo hapo kikikuangalia. Soda ya kawaida ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50, na hiyo ni kabla hujaongeza mandazi ya saa nne. Mboga zinafunga lile pengo la vitamini ambalo watu wanene wanalo. Kupunguza kile kinachofanya mafuta yatoe radikali, hiyo ni kazi ya uzito wenyewe kushuka.

Na hauhitaji kushuka sana, hapo ndipo watu wanakata tamaa bure. Marekani walifanya utafiti, matokeo 2002, watu 3,234 wenye sukari iliyoanza kupanda na uzito uliozidi. Kundi moja likaambiwa lipunguze asilimia saba ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Kundi lingine likapewa metformin, ile dawa ya sukari ya kliniki. Lingine kidonge kitupu. Wale wa kutembea na kupunguza walipunguza kupata kisukari kwa asilimia 58, metformin kwa 31. Asilimia saba kwa mtu wa kilo 90 ni kilo sita na kidogo. Dakika 150 ni nusu saa siku tano, yaani kutoka Kondele kuelekea town kwa miguu badala ya kupanda boda, na ukifika unashuka jasho, sawa, beba leso. Wamama wa soko mtaniambia nyinyi mnasimama siku nzima. Kusimama na kukaa kwa kibanda si kutembea, samahani, moyo lazima upige haraka.

Mmoja anauliza: kama zote ni hivyo mbona kliniki wanampa mtoto vitamini A na mjamzito ayani na foliki? Kwa sababu hao wanakosa, na dozi imepimwa, na mtoto anapewa mara mbili kwa mwaka si kila asubuhi. Kujaza pengo ni tofauti na kumwaga juu ya ndoo iliyojaa. Na mjamzito usiguse mkebe wowote wenye vitamini A nyingi bila kuuliza, inaweza kuharibu mtoto tumboni.

Mwingine ameuliza kwa karatasi, hakutaka kusema kwa sauti: anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, na pia anameza vitamini E yuniti 400. Wewe, tafadhali, mwone daktari wiki hii, vitamini E nyingi ikiwa pamoja na warfarin inaweza kukufanya utoke damu. Na wenye mashine ya kupima sukari nyumbani, vitamini C kwa dozi kubwa sana inaweza kudanganya mashine zingine zionyeshe sukari ya juu kuliko ilivyo, kwa hivyo ukienda kliniki taja kila unachomeza, usifiche ati daktari atakugombeza. Acha agombeze.

La mwisho liliulizwa na kijana aliyekuwa amesimama kwa mlango tangu mwanzo. Akasema yeye anauza hizi vitu, ameweka pesa ya mtaji, ana watu watano chini yake, sasa mimi nimekuja kumwangushia biashara mbele ya wateja wake wote, atalipa rent na nini. Watu wakapiga makelele, nikawaambia wamwache, ni swali la haki. Nilimwambia: ndugu yangu, mimi siwezi kukulipia rent na sitakudanganya. Uza ukitaka, mtu mzima ana haki ya kununua vitamini. Lakini kuna watu hapa Nyalenda waliacha metformin yao kwa sababu waliambiwa mkebe unatosha, na wengine walirudi hospitali wakiwa wamebebwa. Bango lako nimeliona pale nje, limeandikwa "inaponya sukari, presha na unene". Toa hilo neno inaponya. Na kila mtu akinunua mwambie asiache dawa ya kliniki.

Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Sasa nikitoa hilo neno, watu watanunua?"

Nikamwambia wachache.